Si besi zote ni alkali: jibu kwa mdogo wangu wa kidato cha pili

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwalimu amekukata maksi ulipoandika "besi zote ni alkali". Na mimi nilikatwa hapohapo, nikisoma Kondoa, nikanuna siku nzima.

Kilichonielewesha ni unga mweusi wa oksidi ya shaba. Ukiutia kwenye maji hauyeyuki, unatuama tu chini. Litmasi nyekundu, ile karatasi ambayo alkali huigeuza bluu, inabaki nyekundu. Sasa utie kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, pasha moto kidogo: unga unapotea, maji yanakuwa ya bluu. Hiyo bluu ni chumvi, salfeti ya shaba. Basi oksidi ya shaba ni besi, maana imeondoa makali ya asidi, zikapatikana chumvi na maji. Alkali ni ile besi inayoyeyuka kwenye maji na kutoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidroksaidi. Asidi hutoa ioni za haidrojeni.

Umesema litmasi hamna. Hata sisi ziliisha, tukaleta choya (wengine mnaita rosela) tukailoweka kwenye maji ya moto. Yakawa mekundu. Tukadondoshea maji ya magadi, haya haya bibi anayotia kwenye mlenda. Wekundu ukaenda zambarau, mwisho kijani. Tukakamulia ndimu, povu likapanda hadi juu ya glasi na wekundu ukarudi! Nilifurahi mno siku ile. Povu lile ni kaboni dayoksaidi, kwa kuwa ndani ya magadi mna kabonati. Ukiipitisha hewa hiyo kwenye maji ya chokaa, yanageuka meupe kama maziwa.

Uchachu wa asidi unaujua kwenye ubuyu na ukwaju. Vya maabara usionje kamwe, wala usiguse sodiamu haidroksaidi ili usikie utelezi. Ule utelezi ni mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni.

Na tafadhali, ukizimua asidi kali ya salfuriki, mimina asidi kidogo kidogo kwenye maji huku ukikoroga. Mwenzangu alimimina maji juu ya asidi. Joto likayachemsha papo hapo, yakamrukia mkononi. Tulimweka bombani muda mrefu, lakini kovu analo hadi leo.

Likizo ukija Dodoma mjini, tafuta choya kavu sokoni. Ijaribu kwa maji ya majivu, sabuni ya kipande na juisi ya ubuyu, halafu niandikie rangi ulizopata.