Maswali ya Wasomaji: Tuzo ya Usanifu Majengo ya Aga Khan humtunuku nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo. Walimu wetu huitaja mara kwa mara Tuzo ya Aga Khan, lakini wenzangu wengi wanaamini kwamba ni tuzo ya misikiti na ya wabunifu Waislamu peke yao. Naomba kufahamishwa kama ni kweli, na washindi hupatikana kwa njia gani.
— Msomaji, Tanga

JIBU: Wenzako wamekosea, ingawa ni rahisi kuona walikolitoa wazo hilo. Tuzo ilianzishwa mwaka 1977 na Aga Khan wa Nne, Imamu wa Waismailia, aliyeishi Nairobi katika utoto wake na kufariki dunia mwezi Februari 2025. Hutolewa kila baada ya miaka mitatu, na sherehe zake huhama: ile ya kwanza ilifanyika mwaka 1980 katika bustani za Shalimar mjini Lahore, na ya mwaka 2022 ikafanyika Muskati. Sharti la msingi ni kwamba mradi uwe umebuniwa kwa ajili ya jamii za Waislamu, au unatumiwa na jamii hizo, hata kama Waislamu ni sehemu tu ya watu wanaoutumia. Dini ya mbunifu haiulizwi. Jengo la Bunge la Bangladesh mjini Dhaka, lililoshinda mwaka 1989, lilibuniwa na Louis Kahn, Mmarekani wa asili ya Kiyahudi.

Aina ya jengo nayo haina mipaka. Mwaka 2004 orodha moja ya washindi ilikuwa na minara ya Petronas ya Kuala Lumpur, yenye urefu wa mita 452, pamoja na shule ya msingi ya udongo katika kijiji cha Gando nchini Burkina Faso. Miongoni mwa washindi wa mwaka 1980 ulikuwamo mradi wa kuboresha makazi ya watu wa kipato cha chini mjini Jakarta, ambao kazi yake kubwa ilikuwa njia za miguu, mitaro na mabomba ya maji. Ningependa wanafunzi wa usanifu waukumbuke mradi huo wa Jakarta kabla ya kuikumbuka minara, kwa sababu unaonyesha kwamba jopo la majaji lililokaa kwa mara ya kwanza kabisa lilikubali kuuita mtaro wa maji machafu kazi ya usanifu inayostahili heshima ya juu.

Kuhusu namna washindi wanavyopatikana, hapo ndipo tuzo hii inapotofautiana na nyingi nyingine. Majengo hupendekezwa na watu waliosambaa katika nchi mbalimbali, kisha jopo la majaji, ambalo huteuliwa upya kila awamu, huyapunguza mpaka ibaki orodha fupi. Mashindano mengi ya usanifu yangemalizia kazi hapo, kwa michoro na picha zilizopigwa siku jengo lilipokuwa jipya na rangi haijakauka. Hapa, kila mradi wa orodha fupi hutembelewa na mkaguzi mtaalamu, ambaye hulikagua jengo likiwa katika matumizi, huzungumza na wanaolitumia, kisha hurudi kuwaeleza majaji alichokiona na kujibu maswali yao. Ndiyo maana mradi haukubaliwi mpaka uwe umekamilika na kutumika kwa angalau mwaka mmoja. Katika mwaka huo jua limekwisha kuwaka juu ya bati, mvua zimekwisha kunyesha, na mlango usiofunga vizuri umekwisha kujulikana na kila mtu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi mwashi kwa miaka mingi. Nimejenga shule, zahanati na nyumba za ibada, na kila jengo linapozinduliwa bamba la ukutani huandikwa jina la mgeni rasmi, la mkandarasi na pengine la mbunifu. Je, katika tuzo hizi za kimataifa fundi naye huhesabiwa, au mambo ni yale yale?
— Fundi, Morogoro

JIBU: Ndugu fundi, katika tuzo hii fundi huhesabiwa, na jambo hilo limeandikwa katika utaratibu wake tangu mwanzo. Fedha za zawadi, ambazo sasa ni dola milioni moja za Marekani kwa awamu nzima, hugawanywa kwa miradi iliyoshinda, na ndani ya kila mradi majaji wanaweza kuwatambua mbunifu, mhandisi, mafundi, na hata mwenye jengo aliyetoa fedha na kufanya maamuzi. Kumtambua mwenye jengo huwashangaza watu, lakini wewe uliyekaa kwenye maeneo ya ujenzi unajua vizuri ni mara ngapi kazi njema huharibiwa na mwenye mali anayebadili mawazo kila Jumatatu, na ni mara ngapi huokolewa na yule anayesikiliza.

Mfano ulio wazi zaidi ni Msikiti Mkuu wa Niono nchini Mali, ulioshinda mwaka 1983. Aliyeubuni na kuusimamia ni fundi mkuu Lassiné Minta, aliyejenga kwa matofali ya udongo kwa elimu aliyoirithi kutoka kwa mafundi waliomtangulia. Miaka mitatu baadaye zamu ilikuwa ya msikiti wa kijiji cha Yaama nchini Niger, kazi ya fundi Falké Barmou, naye vilevile mjenzi wa udongo. Majaji waliokaa kuyapima majengo hayo walikuwa na mbele yao pia kazi za makampuni makubwa ya usanifu, na hawakuona sababu ya kuwaweka mafundi hao katika daraja la pili.

Mwaka 1995 ilishinda hospitali ya mkoa ya Kaédi nchini Mauritania, yenye vyumba vilivyofunikwa kwa kuba za matofali. Katika nchi ile ya ukame, kuezeka kwa kuba kuliondoa haja ya mbao, na mafundi wa hapo walijifunza namna ya kuinua kuba wakiwa kazini. Ujuzi ulibaki mikononi mwao baada ya wataalamu kuondoka.

Nirudi kwenye shule ya Gando, kwa kuwa inakuhusu wewe kuliko mfano mwingine wowote. Aliyeibuni, Diébédo Francis Kéré, ni mzaliwa wa kijiji hicho, na alipokuwa mtoto ilibidi aondoke nyumbani akasome kwingine kwa sababu Gando haikuwa na shule. Alikusanya fedha za ujenzi akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin, na shule ikakamilika mwaka 2001. Wanakijiji walishiriki ujenzi wote. Matofali ni ya udongo wa pale pale, uliochanganywa na saruji kidogo na kugandamizwa kwa mashine ya mkono. Juu ya madarasa kuna dari ya matofali iliyoachwa matundu, na juu ya dari hiyo, kwa nafasi kubwa, limeinuliwa paa la bati lililobebwa na kenchi za nondo nyembamba, nondo hizi hizi unazozikunja kila siku, zilizochomelewa na vijana wa kijijini waliofundishwa kazi hiyo. Hewa ya moto hupanda kupitia kwenye matundu, upepo unaopita chini ya bati huiondoa, na kivuli cha paa pana huzilinda kuta dhidi ya jua na mvua. Kila mwalimu wa ukanda wetu aliyefundisha saa nane mchana chini ya bati lililogongelewa moja kwa moja juu ya kuta ataelewa thamani ya nafasi ile. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo huhesabiwa kuwa kubwa kuliko zote katika taaluma hii, lakini Tuzo ya Aga Khan ilikuwa imemtambua miaka kumi na minane kabla, kwa jengo lake la kwanza.

Kwa hiyo swali lako kuhusu bamba ni la haki kabisa, na kwa maoni yangu vyama vyetu vya wabunifu, vinapotunuku majengo, havina kisingizio cha kuliacha nje jina la fundi mkuu.

SWALI: Ndugu Mhariri, je, tuzo hii imewahi kufika huku kwetu? Nashangaa kuona Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako ukarabati mwingi umefanywa, hautajwi.
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Kuhusu Zanzibar sababu ni ya kikanuni. Ukarabati wa jumba la Zahanati ya Zamani na ule wa bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, ni kazi za Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, na miradi ya taasisi za Aga Khan mwenyewe hairuhusiwi kushindania tuzo hii. Naiona kanuni hiyo kuwa njema, kwa kuwa tuzo inayojitunuku yenyewe ingepoteza imani ya watu mapema sana.

Jirani zetu wamewahi kufikiwa. Ubalozi wa Uholanzi mjini Addis Ababa ulishinda mwaka 2007, na hospitali ya upasuaji wa moyo ya Salam mjini Khartoum mwaka 2013. Kwa Kenya, kampasi ya Startup Lions, chuo cha kuwafunza vijana teknolojia ya habari, iliyo kando ya Ziwa Turkana na kubuniwa na Kéré huyo huyo, iliingia katika orodha fupi ya miradi 19 ya mwaka 2025. Imejengwa kwa mawe ya hapo hapo, na minara yake mirefu ya kutolea hewa ya moto imeiga vichuguu vya mchwa vinavyoonekana kote katika nchi ile kavu. Haikuwa miongoni mwa miradi saba iliyoshinda, lakini wanaojenga shule na vyuo katika maeneo yetu ya joto wana mengi ya kujifunza wakienda kuitazama.

Kwa hesabu ya miaka mitatu, awamu inayofuata itaangukia mwaka 2028. Pwani yetu ina vyuo, masoko na zahanati zinazojengwa hivi sasa, na kwa kuwa kila jengo hutakiwa kutumika mwaka mzima kabla halijafikiriwa, zitakazoweza kupendekezwa kwa wakati ni zile tu ambazo misingi yake imekwisha kuchimbwa.