Maswali yenu: Mkristo na siasa za serikali ndogo

Makala iliyopita ilimhusu Ron Paul, daktari wa uzazi na Mbaptisti wa Texas aliyegombea urais wa Marekani mara tatu kwa hoja ya walibertari, kwamba serikali imezidi ukubwa. Imeleta ujumbe mwingi kuliko nilivyotarajia. Maswali nimeyafupisha, na yaliyofanana nimeyaunganisha.

Hao walibertari ni watu gani hasa? Si ni watu wa chama cha Republican cha Marekani kwa jina jingine? (Mwanachuo, Dodoma)

Hapana. Chama chao kilianzishwa Colorado mwaka 1971, na Ron Paul alikipeperushia bendera katika uchaguzi wa 1988. Msingi wao ni kwamba mtu yeyote, hata aliyevaa gwanda, asianze kumtumia mwenzake nguvu wala kugusa mali yake. Kazi ya dola iwe kulinda tu. Wapo wanaosema polisi, mahakama na jeshi vinatosha, na wapo wanaoona hata hivyo vimezidi. Republican anaweza kudai kodi ipunguzwe na papo hapo akataka mvuta bangi afungwe. Mlibertari atakuambia pesa ni zako na mapafu ni yako.

Mwandishi Ayn Rand, ambaye watu hao wanamsoma sana, alimkana Mungu waziwazi. Mkristo anatafuta nini kwenye kundi hilo? (Katekista, Moshi)

Rand mwenyewe aliwakataa walibertari, tena kwa maneno makali. Na fikra hizi ni za zamani kuliko yeye.

Mwaka 1609 Mjesuiti wa Hispania, Juan de Mariana, alichapisha maandishi ya kuishutumu serikali ya mfalme Filipo wa Tatu kwa kuchezea sarafu. Fedha ilikuwa imeondolewa kwenye sarafu ndogo, ile wanayonunulia mkate watu wa kawaida, ikabaki shaba. Mariana akasema hiyo ni kodi iliyotozwa bila ridhaa ya watu, na kwamba mfalme si mwenye mali za raia wake. Alikuwa amepita miaka 70. Walimkamata wakamfungia katika nyumba ya watawa Wafransisko mjini Madrid. Miaka mitatu baada ya hapo Mwingereza Thomas Helwys, mmoja wa Wabaptisti wa mwanzo, alimwandikia mfalme James kwamba yeye ni binadamu, si Mungu, na hana mamlaka juu ya roho za raia wake, wawe wazushi, Waislamu au Wayahudi. Akafia gerezani Newgate. Wote wawili walipata ujasiri wa kumkatalia mfalme kwa sababu waliamini yuko Mfalme mwingine juu yake. Kwa hiyo, katekista, kisima hiki kilichimbwa na watu wa kanisa. Rand alikikuta.

Warumi 13 inasema hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Mjadala si umeishia hapo? (Mzee wa kanisa, Mbozi)

Shikamoo, mzee. Tuisome sura yote. Paulo aliiandika Nero akiwa kwenye kiti cha enzi, kwa hiyo hakuwa akisifia utawala mwema. Tena mamlaka anaipangia kazi: kumtia hofu atendaye mabaya. Kupanga bei ya sukari hakumo. Hapo mlibertari wa serikali ndogo anatabasamu. Anayekwama ni yule anayetaka pasiwe na dola kabisa, kama Murray Rothbard na wafuasi wake, kwa kuwa aya ya 4 inasema mtawala hauchukui upanga bure. Nayo kaulimbiu yao ya "kodi ni wizi" haivuki aya ya 7: "mtu wa kodi, kodi, mtu wa ushuru, ushuru." Nimewasoma wakiizungusha aya hiyo kila upande. Sijaridhika.

Ila, mzee, fungua na 1 Samweli 8. Waisraeli wanataka mfalme kama mataifa mengine, na Samweli anawatajia gharama. Atawachukua wana wenu wapige mbio mbele ya magari yake. Binti zenu watakuwa wapishi na waokaji wake. Mashamba yenu yaliyo mazuri atawapa watumishi wake, na atatwaa sehemu ya kumi ya mbegu na ya makundi yenu. Sehemu ya kumi! Nabii anawatisha watu kwa asilimia 10, na mimi jana nimelipa VAT ya asilimia 18 kwenye kipande cha sabuni. Mungu aliwaruhusu wapate mfalme wao, lakini alimwambia Samweli kwamba waliyemkataa ni Yeye. Nikishaisoma sura hiyo, siwezi tena kuisoma Warumi 13 kama hundi tupu aliyopewa mtawala ajaze kiasi anachotaka.

Waumini wa kwanza walikuwa na vitu vyote shirika. Ujamaa wa Mwalimu haukuwa Injili iliyotiwa kwenye sera? (Mama mstaafu, Songea)

Mama, tuendelee mbele kidogo mpaka Matendo 5, kwa Anania. Petro anamuuliza: "Kilipokuwa kwako, hakikuwa mali yako?" Hata baada ya kuuza kiwanja, fedha ilikuwa katika uwezo wake. Alichokosea ni kudanganya kwamba ameleta yote. Hapakuwa na mgambo aliyetumwa kwenda kumnyang'anya.

Mwalimu Nyerere alilijua hilo vizuri. Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, aliandika kwamba kijiji cha ujamaa ni cha watu walioamua wenyewe kuishi pamoja. Novemba 1973 kauli ikageuka: kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Operesheni Vijiji huenda unaikumbuka kuliko mimi. Watu walipakiwa kwenye malori pamoja na vyungu na kuku wao, na katika sehemu nyingine nyumba walizoziacha zilitiwa moto wasipate pa kurudi. Nia ya Mwalimu siitilii shaka, alikuwa mtu wa misa. Shule na zahanati zilisogea karibu, hilo nalo ni kweli. Lakini jambo lililoanza likifanana na Matendo 4 liliishia mikononi mwa viongozi wa wilaya waliopewa tarehe ya mwisho. Paulo alipokuwa akichangisha Korintho alisema kila mtu atoe "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Kwenye lori lile lazima ilikuwepo, na huzuni pia.

Walibertari nao wasishangilie mapema. Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, kwa kuwa masazo ni ya maskini na mgeni. Na Walawi 25 inasema ardhi haiuzwi moja kwa moja, "maana, nchi ni yangu". Hati ya kiwanja aliyopewa Mwisraeli ilikuwa na masharti ambayo soko huru halikuyaandika.

Huku vijana wanamalizwa na kamari ya kwenye simu. Mkristo anatetea vipi uhuru wa kitu kama hicho? (Mchungaji, Kisumu)

Mchungaji, kusema jambo lisiwe kosa la jinai si kulibariki. Tomaso wa Akwino, karne ya 13, alifundisha kwamba sheria ya wanadamu haikatazi kila uovu, ila ule mzito, hasa unaowadhuru wengine. Makanisa mengi ya Marekani yalikwenda mbali zaidi na kushinikiza pombe ipigwe marufuku nchi nzima, kuanzia 1920 hadi 1933. Chicago wakampata Al Capone, bosi wa magendo ya pombe. J. Gresham Machen, Mpresbiteri asiyeyumba kwa mafundisho na mwalimu wa seminari ya Princeton, alikataa kanisa lake litie mhuri kwenye marufuku hiyo, na mwaka 1926 msimamo huo ukatumika dhidi yake alipochaguliwa kuwa profesa.

Hata hivyo, kampuni inayomtumia mtoto wa sekondari ujumbe wa kubeti saa sita usiku, mimi siihesabu kwenye uhuru wa mtu yeyote. Mtoto alindwe, na sheria ndiyo imlinde.

Walibertari husema "mimi ni mali yangu". Paulo anasema "ninyi si mali yenu wenyewe". Tumsikilize nani? (Muuguzi, Mombasa)

Dada, umegusa penyewe. Jibu lao la kawaida ni kwamba mbele ya wanadamu mimi ni wangu, na mbele za Mungu ni wa Mungu. Nusu yake naikubali. Kama ni mali ya Mungu, basi mfalme hawezi kunidai, wala mwenye watumwa hawezi kuninunua. Mwanafalsafa John Locke, ambaye walibertari wanamtegemea sana, alijenga hivyohivyo: binadamu ni kazi ya mikono ya Mungu na mali yake, kwa hiyo asiangamizwe na mwenzake. Warithi wake wengi waliishika haki wakamwacha Mwenye mali.

Matokeo unayaona kwenye utoaji mimba. Ron Paul, aliyezalisha maelfu ya watoto, anaupinga akisema mtoto tumboni naye asitumiwe nguvu. Wenzake wengi wanautetea wakisema mwili ni wa mwanamke. Kanuni ni ileile, na imewapeleka pande mbili.

Halafu kuna barabara ya kushuka Yeriko, ile ya Msamaria mwema. Kuhani na Mlawi hawakumpiga yule majeruhi wala hawakumwibia, walipita kando tu. Kwa kanuni ya walibertari hawana kesi. Yesu anawaona wana kesi. Kwa hiyo mimi naitumia kanuni yao kumpimia askari na mtoza ushuru. Wewe usiitumie wodini.

Sasa wewe mwenyewe ni mlibertari? Na kodi unalipa? (Dereva wa bodaboda, Morogoro)

Kadi ya chama sina. Wakipinga tozo zinazomwandama mwenye pikipiki moja, niko nao. Wakisema hatudaiani chochote ila kutogusana, hapo naaga. Kodi nalipa, kwa sababu ya aya ile niliyomjibia mzee wa Mbozi. Risiti nadai.