Kwa Anayeanza Uchoraji wa Uhalisia: Niliyojifunza kwa Andrew Wyeth

Mchoraji anayeanza akisimama mbele ya picha iliyochorwa na Andrew Wyeth, mchoraji wa Marekani, kitu cha kwanza anachokitazama ni majani. Katika picha ya mwaka 1948 iitwayo Christina's World, yaani Dunia ya Christina, ambayo iko katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, kuna mteremko wa nyasi kavu zilizochorwa unyasi mmoja mmoja, na mwanamke mwenye gauni la waridi lililopauka ameketi chini, ametupa kisogo, akielekea nyumba iliyo juu ya kilima. Nami nilianza na majani. Kwa miaka miwili niliamini kwamba uhalisia ni subira ya mkono na kwamba atakayechora majani mengi zaidi ndiye atakayefika, na nilichopata ni picha zilizojaa kila kitu na zisizosema lolote. Nawaandikia ninyi mnaoingia katika kazi hii kwa sababu nawaona wengi wakianzia palepale.

Kilichonibadilisha ni kujua Wyeth alivyoishi na vitu alivyovichora. Alizaliwa mwaka 1917 katika kijiji cha Chadds Ford, Pennsylvania, akafundishwa nyumbani na baba yake, N. C. Wyeth, aliyekuwa mchoraji mashuhuri wa picha za vitabu, na akafariki hukohuko Chadds Ford mwaka 2009. Maisha yake yote aliyagawa kati ya kijiji hicho na pwani ya Maine, ambako familia yake ilikwenda majira ya joto. Huko Maine, katika mji wa Cushing, alianza mwaka 1939 kuitembelea nyumba ya Christina Olson na ndugu yake Alvaro, akapewa chumba cha juu cha kufanyia kazi, na hakuacha kwenda hadi ndugu hao walipofariki mwishoni mwa miaka ya 1960. Maana yake ni kwamba alipochora zile nyasi za mwaka 1948, alikuwa amezikanyaga kwa miaka 9.

Basi chagueni mahali pamoja mnapoweza kurudi, na pasiwe mbali na mlango wenu. Kwangu palikuwa ngazi ya nyuma ya jengo nililopanga Philadelphia. Niliichora kwa penseli asubuhi na jioni, kwenye theluji na kwenye jua, na ilinichukua miezi minne kugundua kwamba kipandio cha tatu kimelika upande mmoja tu, kwa sababu mzee aliyeishi juu yangu alishuka kila siku akiegemea kushoto. Kabla ya hapo nilikuwa nachora mbao. Baada ya hapo nilikuwa namchora mzee yule, ingawa hakuonekana.

Jambo la pili ni zito zaidi, na ndilo walimu wengi hulipita haraka: uhalisia si kunakili. Christina alikuwa na umri wa miaka 55 na maradhi yaliyomnyima nguvu za miguu, naye alichagua kujivuta kwa mikono kuliko kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Lakini kiwiliwili tunachokiona kwenye picha kilitokana na Betsy, mke wa Wyeth, aliyekuwa katika miaka ya ishirini. Nyumba nayo Wyeth aliitenga na ghala, akabadilisha hata umbo la ardhi, hivyo mgeni anayekwenda Cushing hawezi kuupata mteremko ule kama ulivyo pichani. Sioni udanganyifu katika hayo. Alikuwa akitafuta umbali, yaani umbali ambao mtu asiyeweza kutembea huuona kati yake na mlango wa nyumbani, na kila kilichoupunguza alikiondoa. Mkiwa kazini, kateni kipande cha karatasi, kifunikeni kitu kimoja kwenye mchoro, kisha mtazame. Picha isipopungukiwa na kitu, hicho hakikuwa na kazi pale.

Mtaambiwa kwamba njia hii imepitwa na wakati. Mwaka uleule wa 1948 mchoraji mwenzake Jackson Pollock alikuwa akimwaga rangi juu ya kanvasi iliyotandazwa sakafuni, na kwa miaka mingi wahakiki wengi walimwona Wyeth kama mtu wa jana. Msipoteze nguvu kwa mabishano hayo. Nendeni mkawatazame waliomtangulia, Thomas Eakins na Winslow Homer, kisha Edward Hopper, na mtaona kwamba katika mapokeo haya ya Marekani kitu cha kawaida, kama mashua au dirisha, hubebeshwa uzito ambao kwingine hupewa watakatifu na wafalme.

Uzito huo hautoki kwenye kitu chenyewe. Mwezi Oktoba mwaka 1945 baba yake Wyeth aliuawa na treni kwenye kivuko cha reli karibu na nyumbani, pamoja na mjukuu wake mdogo. Muda mfupi baadaye Wyeth alichora picha iitwayo Winter 1946: kijana anateremka mbio kwenye kilima cha nyasi za kahawia, na upande wa pili wa kilima kile ndiko ajali ilikotokea. Hakuna treni wala kaburi. Wyeth alijuta kwamba hakuwahi kumchora baba yake, na kilima kile kikawa ndiyo sura ya baba.

Sasa niseme juu ya rangi yenyewe, maana hapa makosa ni mengi. Wyeth alifundishwa tempera na shemeji yake, Peter Hurd, nayo ni rangi ya unga inayoshikishwa kwa kiini cha yai. Tenganisheni kiini na ute, mkiviringishe viganjani mpaka kikauke, mkishike kwa utando wake, mkitoboe kitiririkie kwenye kikombe, kisha mtupe utando na kuongeza maji kidogo. Unga wa rangi usageni na maji uwe uji mzito, na mchanganye uji huo na yai kwa kiasi kinacholingana. Yai likipungua rangi hutoka kama vumbi, na likizidi huchubuka. Vaeni barakoa, kwa kuwa baadhi ya unga huo ni sumu. Ubao uwe mgumu, upakwe tabaka kadhaa za chaki na gundi ya ngozi, kisha upigwe msasa. Kazi yangu ya kwanza niliiweka juu ya kanvasi, ikapindika, na rangi ikapasuka yote.

Tempera hukauka kwa sekunde chache, hivyo huwezi kuisugua ichanganyike kama rangi za mafuta. Unaweka mstari mwembamba, na mwingine juu yake, na mwingine, siku baada ya siku. Kiswahili kina neno moja, kuchora, kwa kazi ya penseli na kwa kazi ya brashi, nami sijapata maelezo bora ya tempera kuliko neno hilo.

Mkimaliza, ugeuzeni ubao uelekee ukutani, kwa sababu rangi hubaki laini kwa miezi na hukwaruzika kwa ukucha. Ubao wangu wa ile ngazi ulikaa hivyo majira yote ya baridi. Nilipougeuza, mzee alikuwa amehama, na kipandio cha tatu kilitosha kumweleza. Reli ya chuma ya kushikia kwenye ngazi ile, ambayo niliichora kwa wiki tatu, niliiondoa kwa msasa siku ileile.