Jibu: Trapu za SNMP zote zinaonyesha anwani ya nodi

Ndugu, umeuliza kwa nini Zabbix yako (programu ya kufuatilia mtandao), tangu uihamishie kwenye Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la seva), inaona trapu za SNMP (taarifa ambazo vifaa vya mtandao hutuma vyenyewe) za swichi zote kana kwamba zimetoka kwenye anwani moja. Zabbix haina kosa. Kwa kawaida trafiki ya nje ikiingia kupitia Service (mlango wa kufikia programu ndani ya Kubernetes), kube-proxy, sehemu inayoelekeza trafiki hiyo, hubadilisha anwani ya mtumaji na kuweka ya nodi, yaani seva ya klasta, kwa hiyo podi, yaani kifurushi kinachoendesha Zabbix, haijui tena ni swichi gani iliyolalamika.

Weka `externalTrafficPolicy: Local` kwenye Service ya bandari 162 ya UDP, ambako trapu hufika. Anwani halisi itabaki. Ila angalia: nodi isiyo na podi ya kupokea trapu itazitupa kimyakimya, na UDP haitumi tena kilichopotea. Tumia Service ya aina ya LoadBalancer (kisambaza trafiki), nayo itapeleka trafiki kwenye nodi yenye podi. Aina ya NodePort, inayofungua bandari kwenye kila nodi, haitakufaa sana, maana bandari zake kwa kawaida huanzia 30000 hadi 32767, na vifaa vingine vya zamani vinajua 162 tu. Mimi kwa klasta ndogo huwa naweka `hostNetwork: true` (podi itumie mtandao wa nodi moja kwa moja) na kuifunga podi kwenye nodi moja. Haipendezi, lakini inafanya kazi.

Jambo jingine linalosahaulika: podi ya Zabbix ikienda kuuliza swichi hali yake, mara nyingi hutoka na anwani ya nodi inayokaa. Ruhusu nodi zote kwenye ACL (orodha za anwani zinazoruhusiwa) za swichi, la sivyo podi ikihama utaona vifaa vyote "vimekufa" usiku wa manane.

Na hifadhidata ya Zabbix iwe na PersistentVolumeClaim (ombi la hifadhi ya kudumu), tafadhali, isipotee podi ikifutwa.