Barua kwa mwanangu: picha za kashani na mwaka wa kuandika kwenye kijaluba

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kama zile picha zilizomo kwenye kasha la bibi zinatosha kuthibitisha "Tangu 1938", maneno unayotaka kuyachapa kwenye vijaluba (vikopo vidogo) vya singo, ule unga wa manukato wa kusugulia mwili, na kwenye chupa za mafuta ya karafuu, na kama kwa picha hizo tunaweza kujua kazi hii imeanza kwa nani hasa. Nakujibu kwa urefu, maana jawabu la mkato litakupoteza.

Picha inaweza kukwambia nani alikuwepo, na ukiisoma vizuri, lini na wapi. Haikwambii alikuwa akiuza nini. Bibi ameketi, mbele yake chetezo cha kufukizia udi na mrashi wa marashi: nyumba gani ya Pemba ilikosa chetezo? Kwa hivyo una kazi mbili mbalimbali. Ya kwanza ni kuipa picha tarehe. Ya pili ni kutafuta dalili ya biashara, na dalili hiyo mara nyingi imo kwenye makaratasi yaliyokaa chini ya picha, yale ambayo watu huyatupa wakisafisha kasha. Mwaka usiuchape mpaka vitu viwili visivyotegemeana vikubaliane, mfano muhuri wa studio na risiti, au maandishi ya nyuma na kauli ya mzee ambaye hakuonyeshwa maandishi hayo.

Kabla ya kuchomoa hata picha moja, piga kwa simu kila ukurasa wa albamu ulivyo, kwa mpangilio wake. Aliyezipanga alizijua, na jirani ya picha ni ushahidi. Kisha ipe kila picha namba: K1-001, K1-002, na nyuma yake K1-001-nyuma. Namba iandike kwa penseli laini ya 2B pembeni mwa mgongo wa picha, bila ya kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya, na baada ya miaka alama yake hutokea usoni pa mtu. Kazi hii usiifanyie pale unapopondea. Unga wa liwa, ule mti wa manukato, huchafua kioo cha skena, na mkono wenye mafuta ya karafuu huacha doa lisilotoka. Zile karafuu kavu zinazowekwa kashani kufukuza wadudu zitoe pia. Ziweke kwenye nguo, si kwenye picha.

Skani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), na picha ndogo za paspoti kwa 1200. Hifadhi nakala mama kwa TIFF, na za kutumiana kwa JPEG. WhatsApp huibana picha ikapoteza maandishi madogo, basi zitume kama dokumenti. Picha iliyogandana na kioo cha fremu usiivute, kwani sura itabaki kwenye kioo. Iskani pamoja na kioo chake. Zile za albamu yenye kurasa za gundi na plastiki juu, pitisha uzi wa meno taratibu chini ya picha kama unakata. Ikikataa, iache.

Sasa mgongo wa picha. Huo mwaka 1938 umetoka kwenye ile picha ya wanawake watatu, nyuma pameandikwa ١٣٥٧, yaani 1357 wa Hijria. Umeusoma sawa, lakini angalia mambo mawili. Tano ya Kiarabu, ٥, hufanana na sifuri yetu. Mtu asiyezoea husoma 1307, na picha ikarudi mpaka 1889 au 1890. Vivyo hivyo ٢ na ٣ huchanganywa wino ukififia. Jambo la pili ni hesabu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama 11, basi usichukue tofauti moja ukaitumia kwa miaka yote. Zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622: 1357 mara 0.97 ni 1316.29, ongeza 622, unapata 1938 na kidogo. Mwaka 1357 ulianza Machi 1938 ukaisha Februari 1939. Bila ya jina la mwezi huwezi kusema zaidi ya hapo. Tena angalia kama wino wa tarehe ni ule ule wa majina. Wengi waliandika nyuma ya picha miaka mingi baadaye, kwa kukisia.

Muhuri wa studio una uzito kuliko wino. Ukikuta jina la A. C. Gomes, uko kwenye studio kongwe za Unguja, zilizofanya kazi tangu karne ya 19. Capital Art Studio ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kwa hivyo karatasi yenye muhuri wake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Nimesema karatasi kwa makusudi. Muhuri unakwambia nani aliyesafisha ile nakala. Watu walikuwa wakipeleka picha kuukuu studio inakiliwe. Nakala utaijua kwa vivuli vyeusi tii visivyo na kitu ndani, kwa ukingo wa picha ya asili unaoonekana ndani ya ukingo mpya, au kwa karatasi isiyolingana na mavazi. Karatasi yenye ngozi ya plastiki, isiyonywa maji, haikuwapo kabla ya miaka ya mwisho ya 1960. Ukimkuta bibi kijana kwenye karatasi hiyo, una nakala, na picha ya asili huenda bado iko kwa jamaa.

Karatasi zenyewe husema. Iliyo nyembamba mno, rangi ya kahawia inayoelekea manjano, imebandikwa juu ya kadi nene, ni ya karne ya 19 au mwanzo wa iliyofuata. Ilipakwa ute wa yai. Ukiinamisha picha kwenye mwanga ukaona mng'aro wa zebaki kwenye sehemu nyeusi za pembeni, hiyo ni fedha ya ndani ya picha imepanda juu kwa unyevu wetu huu. Hiyo kwa kawaida ni picha ya jelatini, ya karne ya 20, na usiisugue. Kingo zilizokatwa meno meno zilipendwa tangu miaka ya 1930 mpaka 1960. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundu ni ya miaka ya 1960 au 1970 kwa kawaida.

Picha ya nje iangalie majengo. Beit el Ajaib, jumba la Sultani mjini Unguja, ilijengwa 1883, na mnara ulisimama peke yake mbele yake mpaka mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896. Baada ya hapo mnara ukawa sehemu ya jumba. Majumba ya Michenzani yakionekana, uko baada ya Mapinduzi. Kwenye nguo, kanga ya maandishi ya Kiarabu ni dalili ya ukongwe kuliko ya herufi za kirumi, ila bibi anaweza kuvaa kanga ya mama yake siku ya picha. Hivyo nguo inakupa mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia, haikupi mwaka wenyewe. Maandishi ya kanga yakisomeka kinyume, filamu iligeuzwa wakati wa kusafisha, na mkono wa kulia unaouona ni wa kushoto.

Studio pia ina mitego yake. Kiti, zulia, ua la karatasi, saa ya mkononi na redio mara nyingi ni mali ya mpiga picha. Usije ukaandika "familia yetu tajiri ya Unguja" kwa sababu ya pazia lenye nguzo. Na muhuri wa Unguja haumaanishi mtu alikaa Unguja. Wapemba walipanda meli kwa shughuli na hospitali, na picha ikapigwa humo humo.

Nikuongoze sasa kwenye biashara. Kinu, mchi, jiwe la liwa, sinia ya asmini na kikuba kifuani ni mambo ya kila nyumba. Dalili ya kuuza ni vipimo na wingi: mizani, kibaba, chupa nyingi za namna moja, vikopo vilivyopangwa. Zikuze sehemu hizo kwenye skani, wachana na nyuso kwa muda. Halafu pekua karatasi. Risiti yenye rupia ni ya kabla ya 1936, kwani tarehe 1 Januari mwaka huo Unguja na Pemba zilihamia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Ukikuta "tola" mbele ya udi au miski, ni kipimo cha Kihindi, karibu gramu 11.7, wakia ni kama gramu 28. Ukizichanganya, hesabu yako ya mapishi ya bibi itakosea mara mbili na zaidi. Bahasha nazo zina stempu: yenye maneno "JAMHURI 1964" juu ya sura ya Sultani ni ya mwanzo wa Mapinduzi.

Mapishi yenyewe ni kipimo cha ukweli. Liwa, karafuu, mawaridi makavu, mpachori, rehani: hayo hayana tabu. Lakini ukilikuta daftari linalodaiwa la zamani na ndani yake mna sabuni ya mwani wa kulimwa, limeandikwa juzi, kwani kilimo cha mwani wa kuuza kilianza huku 1989. Na usiandike kuwa mafuta yetu ya karafuu ni "kama alivyoyakamua bibi". Mafuta unayouza yametokana na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yaliyopikwa kwa mvuke kiwandani Wawi. Bibi alilowesha karafuu kwenye mafuta ya nazi, na hicho ni kitu kingine kabisa, kwa harufu na kwa ukali. Mafuta ya mvuke ni eujenoli, ile kemikali kali ya karafuu, karibu yote na huunguza ngozi yasipochanganywa. Sema lipi ni lipi.

Hapa pana jambo ambalo wengi wanaotafuta asili ya biashara kama yetu hulikosa. Wanafuata damu: bibi, mama wa bibi, na juu zaidi. Singo aghlabu ilipita kwa somo, yaani kungwi. Aliyemweka mwari ndani, akamsinga, akamfundisha kufukiza nguo, ndiye aliyempa mkono wa kazi, na mara nyingi hakuwa jamaa wa damu. Kwenye picha za harusi ni yule mwanamke asiyefanana na mtu, amekaa karibu na bi harusi kuliko hata shangazi zake. Usimpite. Uliza, "Somo yake nani?" kabla ya kuuliza mama yake nani. Uliza pia alilipwa nini, kanga, chakula au pesa, na lini alianza kuuza kwa kijaluba mtu asiyekuwa na shughuli. Hapo ndipo biashara inapoanzia, na pengine ni miaka mingi baada ya picha ya 1357.

Ukienda kwa wazee, chukua nakala zilizochapwa kubwa, picha nne au tano tu kwa kikao kimoja, asubuhi. Bibi zako wadogo waulize mmoja mmoja. Wakikaa pamoja, mwenye sauti hujibu na wengine huitikia. Usitaje jina. Usiseme "Huyu si bibi Fulani?" Sema "Hapa wapi?" kisha "Nani hawa?" Mahali hufungua kumbukumbu kuliko sura. Miaka iulize kwa matukio: wakati wa vita vya Hitler, kabla Sayyid Khalifa hajafa, yaani kabla ya Oktoba 1960, au baada ya Mapinduzi. Majina yaandike na baba zao, fulani binti fulani, maana hilo ndilo utakalolikuta kwenye nyaraka. "Bibi" peke yake anaweza kuwa mama wa mama, dada yake, au jirani.

Kuhusu kuweka sura ya bibi kwenye kijaluba, mimi sikubali, na nadhani wenzangu hawatakubali. Alipiga picha ile ya kichwa wazi kwa ajili ya ndani ya nyumba, na kijaluba huishia jaani. Uwaulize warithi wote, wa Pemba na wa Unguja. Ikiwa lazima pawe na picha, kata ile sehemu ya mikono na jiwe la liwa.

Ukimaliza ya nyumbani ndipo uende Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Ukienda mikono mitupu utazama kwenye mafaili. Nenda na majina kamili, mtaa, na miaka mitano ya kutafutia, usimwambie mtumishi "familia yetu". Omba gazeti la serikali, lililoanza 1892, na mafaili ya mahakama ya mirathi. Mtu akifa na duka au deni la karafuu, mali yake iliorodheshwa, na orodha ya mirathi yenye mizani na chupa ina thamani kuliko picha kumi. Makarani waliandika majina kwa masikio yao, basi tafuta Khamis na Hamisi, Mwanakhamis na Mwana Hamisi. Kwa kulinganisha majengo na mapazia ya studio, Northwestern University ya Marekani imeweka wazi kwenye intaneti mkusanyo wa Winterton wa picha za Afrika Mashariki za 1860 hadi 1960. Bibi hutamkuta humo, lakini pazia la nyuma yake unaweza kulikuta.

Zile filamu zilizomo kwenye kopo la biskuti nimezinusa, zina harufu ya siki. Zinaoza, na mvuke wake unaambukiza nyingine. Nimezitenga kwenye bahasha ya karatasi, si ya plastiki. Ukija Ijumaa njoo na skena yenye taa ya filamu, tuanze na hizo.

Mama yako