Jibu: Elki wanakimbia kabla binti yangu hajavuta upinde

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba wewe na binti yako wa miaka 13 mnawinda elki (aina ya kulungu wakubwa) kwa upinde milimani Colorado, Marekani, na wanyama hukimbia mkiwa bado mbali.

Kagua upepo kwanza, kabla ya kulaumu mavazi au kipenga cha kuigia mlio wa elki. Alfajiri hewa baridi huteremka bondeni, na jua likishapasha mteremko hewa hugeuka ikapanda. Mimi na mwanangu tulipoteza asubuhi nyingi za Septemba kwa kuwafuata kutoka chini saa nne, hali harufu yetu ilikuwa imekwisha kututangulia. Bebeni kichupa cha unga laini wa kuonyesha upepo unakoelekea, na kazi ya kuupuliza iwe ya binti yako.

Kisha yeye akae mbele, nawe upige kipenga nyuma yake mkiwa mnaonana na kusikizana, kama sheria inavyomtaka msimamizi wa mtoto aliye chini ya miaka 16. Dume hutafuta mahali mlio unakotoka, hivyo humpita mwenye upinde akiwa amemwonyesha ubavu. Upinde wake uwe na uzito wa kuvuta usiopungua ratili 35 za kisheria, na asipouvuta kwa utulivu akiwa amepiga magoti, tafadhali usimruhusu kumpiga mnyama bado.