Kabla hamjawasha Kirikuu, kigari cha mizigo: kwa wapya wa kamati ya maafa

Vijana wangu, Jumapili baada ya misa ya pili nimewaona mkipakia viatu vya visigino na makoti ya suti, eti vinakwenda kwa wahanga wa mafuriko. Paroko alikuwa karibu, nikanyamaza. Sasa nasema.

1. Orodha ya walengwa pitieni kwa mjumbe wa shina pia, msitegemee wenyeviti wa jumuiya ndogondogo za parokia peke yao. Mpangaji aliyehamia mwezi jana hayumo kwenye daftari la jumuiya, na jirani yake Mwislamu hatakaa aingie humo.

2. Nguo zichambuliwe parokiani. Kanga, nguo za ndani mpya na taulo za kike ndivyo vinavyogombewa. Waulizeni WAWATA, akina mama Wakatoliki wa parokia, wale hawahitaji semina.

3. Chakula. Hapa nikae kidogo.

Desemba 2011 Dar es Salaam ilipofurika, watu wa Bonde la Msimbazi walilala madarasani kabla ya Serikali kuwapeleka Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Mnunuzi wa kamati yetu nilikuwa mimi. Nikapiga hesabu zangu: maharage makavu, kilo nyingi kwa hela kidogo, na hayaozi. Kwenye kikao nikajisifu. Haukupita muda nikayakuta dukani jirani na shule, kwenye viroba vyetu vilevile vyenye jina la parokia kwa makapeni, yanauzwa bei ya kutupa. Nikapandwa na hasira. Nikamtafuta mama aliyeyauza, nikamgombeza mbele ya wenzake na wanawe: sadaka za watu hizi, waumini wamejinyima! Akanisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akauliza, wala hakupandisha sauti, "Sasa kaka, nipikie wapi?"

Sufuria zilikwenda na maji. Mkaa hakuna. Maharage yanataka saa mbili tatu motoni, na yeye alikuwa na kona ya darasa, familia nyingine zimembana kila upande. Ameyauza, wanawe wakapata chai na maandazi. Nilimwomba radhi, tena kwa kunong'ona, ilhali kumgombeza nilimgombeza shule nzima ikisikia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hela ya maharage.

Basi: siku za kwanza pelekeni chakula kilichoiva. Unga na maharage vifuate sufuria na jiko, visitangulie.

4. Ndoo yenye mfuniko na dawa ya kutibu maji msivikate kwenye bajeti. Baada ya mafuriko kipindupindu hakiko mbali.

5. Picha pigeni ya mzigo, mpokeaji mwacheni. Na yule wa kwaya anayetaka selfi na kila bibi, apewe viroba abebe.

6. Risiti, hata ya bodaboda. Muuzaji akisema hana kitabu, andika wewe, yeye asaini. Mwaka jana nilimtetea mwenzenu mmoja kwa ndoo zisizo na karatasi, na mama mhasibu hadi leo salamu yangu anaiitikia nusu.